Naomba ushauri: besi ya mkono wa kushoto kwenye funk

Wakuu, habari za leo. Napiga kinanda kwenye bendi ndogo ya hotelini. Mpiga besi wetu kahamia Arusha, na kiongozi kaamua besi niibebe mimi kwa mkono wa kushoto mpaka apatikane mwingine. Rumba na zilipendwa naziweza. Shida ni funk.

Wimbo anaoutaka ni "Chameleon" wa Herbie Hancock, wa mwaka 1973. Besi ya wimbo ule ilipigwa kwa sinthesaiza, ARP Odyssey, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba si kazi ya kinanda! Sehemu ya kwanza ina kodi mbili tu, B flati maina na E flati, zinazunguka. Kushoto peke yake naenda vizuri. Nikishaanza solo kwa sauti ya Rhodes (piano ya umeme), kushoto kunafuata kulia: noti za katikati ya mapigo zinaangukia juu ya pigo, na mpiga dramu anaanza kunikata jicho.

Kinanda kina funguo 61, nimekigawa katikati (kushoto sauti ya besi, kulia ya Rhodes), na kulia nafasi imebana. Nishushe mgawanyo na kupandisha oktava upande wa kulia, au nitafute kinanda kidogo cha pili? Na mazoezini, mnaimba solo kwanza huku kushoto kunapiga, au mnaanza na mikono yote taratibu kwa metronomu? Wazee wa ogani ya Hammond, nyie hasa nawasubiri, maana mmezoea kubeba besi wenyewe. Natanguliza shukrani.