Naomba ushauri: kutoa eabegi ya usukani bila kuilipua

Wakuu habari zenu. Honi ya gari langu haipigi na taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) inawaka muda wote kwenye dashibodi. Nahisi ule utepe wa waya unaojikunja nyuma ya usukani umekatika, na kuufikia lazima eabegi itoke kwanza.

Betri nimeshachomoa, waya hasi kwanza, na nimeiacha muda wa kutosha ili umeme uliobaki uishe. Mbavuni mwa usukani kuna boli mbili za kichwa cha nyota. Ya kushoto imelegea kwa biti ya nyota saizi T30, lakini sasa inazunguka tu, haitoki nje. Je, imetengenezwa ibaki humohumo, au nimeua uzi? Ya kulia ndiyo inanitisha: T27 inacheza, T30 haizami hadi mwisho, na sitaki kuyasaga meno ya kichwa chake. Niisafishe kwanza au nitafute biti ndefu zaidi?

Pia ile plagi ya njano ya waya za eabegi ina kifungio katikati. Kinainuliwa kwa bisibisi bapa au kinabanwa pembeni? Kuivuta kwa nguvu sithubutu, maana kitu hiki kikilipuka usoni ni hatari kabisa. Aliyewahi kuifanya kwa mikono yake anielekeze tafadhali.