Kisigino kimevimba na mashua zinashindana wiki ijayo. Nichue na mafuta gani?

Kuli wa Gatini: Asalaam aleikum wakubwa. Nashusha mizigo hapa Amu. Tangu Ijumaa mshipa wa nyuma ya kisigino umevimba, asubuhi nachechemea. Kwenye mashua mimi ndiye wa kuhamisha mifuko ya mchanga. Nisaidieni.

Mama wa Shela: Mafuta ya nazi na karafuu, mwanangu. Marehemu babangu alianguka mnazini akachuliwa siku tatu, ya nne akapanda tena. Enzi hizo minazi yenyewe ilikuwa mirefu.

Nesi Mokowe: Huo si mshipa, ni kano. Umeshawahi kumtundika mbuzi wa kuchuna? Ile kamba nyeupe inayong'aa nyuma ya mguu, mbuzi mzima anabebwa nayo. Ni nyuzi za kolajeni zimelazwa upande mmoja kama katani, seli za kuzitengeneza ni chache na damu inayofika ni haba. Ndiyo maana hupona polepole. Umekunywa dawa gani?

Kuli wa Gatini: Panadol tu.

Nesi Mokowe: Na kabla ya Ijumaa?

Kuli wa Gatini: Haya. Siprofloksasini, nimenunua mwenyewe dukani. Mkojo ulikuwa unaniunguza. Lakini mkojo na kisigino wapi na wapi?

Ustadhi: Tukisema oeni, mwatucheka.

Nesi Mokowe: Dawa za jamii hiyo zinaweza kudhoofisha kano, hasa hiyo ya kisigino. Marekani waliziwekea onyo kali mwaka 2008. Usimeze kingine, usibebe, usichue. Nenda kwa daktari leo akupe dawa nyingine, mkojo nao usiuache hivyo. Ukisikia "pwa!" ukashindwa kusimamia vidole, imekatika.

Kuli wa Gatini: Vimebaki vinne tu, kuvitupa ni hasara. Na pesa ya nahodha nimeshakula nusu. Nikifunga bandeji ya kukaza?

Tanga Mbili: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye juzi alikuwa fundi milango wa Malindi, analia mgongo? Na mimi ni mtu wa mashua, wiki ijayo hakuna mashindano. Kusi lote hili!

Kuli wa Gatini: Ni ya kuwekeana pesa, hayatangazwi. Wa Malindi ni binamu yangu, twatumia simu moja.

Ustadhi: Na mkojo ni wa nani kati yenu?

Nesi Mokowe: Awe nani, avilete hivyo vinne kwa daktari.

Kuli wa Gatini: Mama, hizo karafuu zinatwangwa au zinatiwa nzima?