Historia ya boriti za Lamu: nyaraka naanzia wapi?

Bint_Langoni: Assalaam alaykum. Nasoma historia, na tasnifu yangu ni biashara ya boriti, yaani miti ya mikoko ya kujengea, kutoka Lamu kwenda Uarabuni na Ghuba enzi za ukoloni. Msimamizi kaniambia nitumie nyaraka, akaishia hapo. Nimetafuta "boriti" kwenye orodha za Nyaraka za Taifa, sijaona cha maana. Wazee wananieleza mengi, lakini nataka na maandishi. Nisaidieni.

Mzee_wa_Shela: Waalaykum salaam binti yangu. Usitafute neno, tafuta ofisi. Faili hupangwa kwa kufuata ofisi iliyoziandika, si kwa mada. Jiulize: boriti ikikatwa na kupakiwa jahazini, nani alishika kalamu? Watu wa misitu, watu wa forodha, na mkuu wa wilaya aliyepeleka ripoti kwa mkuu wa mkoa Mombasa. Kwa hiyo kwenye Nyaraka za Taifa Nairobi, pale Moi Avenue, omba ripoti za mwaka za Wilaya ya Lamu na faili za mkuu wa mkoa wa Pwani, zinazoanza na PC/COAST. Ukitaka habari za kabla ya 1895, Waingereza hawajatangaza himaya yao, itabidi utazame Zanzibar, kwa kuwa Lamu ilikuwa chini ya Sultani.

Halafu soma kwa jicho kali. Afisa akiandika kwamba wakataji ni wavivu, hapo kajieleza yeye kwanza. Alikuwa akitaka nini siku ile: ushuru, vibarua, au kujitetea kwa mkubwa wake? Mkataji mwenyewe hakuachiwa nafasi ya kujibu kwenye faili ile, na mimi hilo linaniuma mpaka leo.

Mkandaa: Naongezea, dada. Angalia vipimo. Boriti zilihesabiwa kwa korja, na korja ni 20. Ripoti moja ikitaja korja na nyingine vipande, ukazijumlisha hivyo hivyo, sura nzima imeharibika. Pia majina: Siyu utaikuta Siu, Pate utaikuta Patta, Lamu yenyewe Lamoo. Tafuta yote.

Na kabla hujanukuu hata mstari, andika namba ya faili, tarehe, nani kamwandikia nani. Picha ya simu isiyo na namba ya faili haikufai kitu. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, kishughulikie mapema.

Bint_Langoni: Shukran sana. Na faili likipingana na wazee?

Mzee_wa_Shela: Yaandike yote mawili, na useme yanapingana wapi. Kisha rudi kwa wazee na nakala ya ukurasa wenyewe, uwasomee kwa Kiswahili. Mtu aliyepakia boriti kabla serikali haijapiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982 atakwambia papo hapo idadi ipi haiingii jahazini. Ila waone wao kwanza, binti yangu, Nairobi baadaye. Faili litakungoja.

Bint_Langoni: Basi kesho asubuhi niko forodhani, inshallah.