Wenye mabinti wenye majina adimu, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Binti yetu tumemwita Atuganile. Wanyakyusa mnalijua: "ametupenda", yaani Mungu. Tunaishi Dar, na kila karatasi ya kliniki inatoka na mtoto mpya: Atuganire, Atunganile, juzi Antuganile. Nesi mmoja akaniuliza, "Baba, Precious hamkuliona?" Jina lenyewe linasomwa kama lilivyoandikwa, mkazo kwenye "ni", basi. Jirani yangu ana Chloe, herufi na sauti haziivani kabisa, lakini hilo mtaa mzima wanalipatia! Shemeji zangu wanadai nimempa mtoto jina la bibi wa Tukuyu. Ni la bibi kweli, ndiyo maana nikalichagua. Nyie mmepitia yapi?

Mdau, Arusha: Mkuu, una afadhali. Wangu ni Kokushubila. Tulipokuwa Bukoba hakuna aliyeshangaa, akina Koku wamejaa kila darasa. Tumehamia huku, cheti cha kuzaliwa kina L, cha shule kikaja na R, na kwenye kitambulisho tukaambiwa hao ni watu wawili. Tukaishia kwa wakili kula kiapo. Jina lenye L, kagua hapohapo dirishani kabla hujapokea. Wakinuna wanune.

Mama Adhiambo, Nairobi: Kwetu Kisumu si adimu hata kidogo. Azaliwaye asubuhi ni Akinyi, mchana Achieng, jioni Adhiambo, usiku Atieno. Uadimu unaanza ukishavuka Kericho. Hapa shuleni wanamwita "Adiambo", wengine "Andiambo". Tulipoenda Mombasa likizo, mwenye nyumba alilitamka sawasawa mara ya kwanza, kwa dh ileile ya dhahabu. Mtoto alimtazama kwa mshangao!

Mdau, Dallas: Mimi nina Ng'endo. Ndiye binti wa kwanza, na kwa desturi ya Wakikuyu akachukua jina la mama mzaa baba. Mwalimu akiita majina alikuwa akifika kwake ananyamaza, macho kwenye karatasi, na mtoto anajibu "present" kabla hajaitwa. Pasipoti nayo ina yake: ule mstari wa chini unaosomwa na mashine haukubali ritifaa, kwa hiyo humo yeye ni NGENDO. Dawa tuliyopata ni kuwaambia Wamarekani watamke neno "sing", kisha ile sauti ya mwisho waanzie nayo jina. Wengi wanaweza. Na tangu ajue kwamba daktari wa kwanza mwanamke Kenya alikuwa Ng'endo Mwangi, ukilikosea anakurekebisha mwenyewe, kifua mbele.

Mdau, Unguja: Mnawatesa watoto, jamani. Cheti kiwe na jina jepesi, la ukoo libaki la nyumbani. Hata Siti binti Saad alizaliwa akiitwa Mtumwa, na hakubaki nalo.

Mleta mada: Sheikh, Mtumwa na Atuganile wapi na wapi? Hilo lilikuwa la kumdunisha, hili ni la shukrani. Halitoki.

Mama Chausiku, Tanga: Wangu kazaliwa saa nane usiku, jina likajileta. Msingi alilia wakimtania ni la kizee. Sasa yuko chuo, kalikata kabaki "Chau", na wenzake wanamuuliza kama ana asili ya Uchina.