Mrejesho: ndege kutoka na ukungu kwenye zumu ndefu

Wakuu, niliuliza kwa nini picha zangu za ndege zinatoka na ukungu nikivuta zumu ya kamera hadi mwisho. Mliosema nisogee karibu badala ya kuvuta zaidi, mlilenga penyewe. Mchana hata tripodi (stendi ya miguu mitatu) haisaidii: hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini inachezacheza katikati ya kamera na ndege, na zumu inaikuza pamoja na ndege. Sasa natoka asubuhi jua likishachomoza, shata (muda kamera inapokea mwanga) 1/1000 ya sekunde, fokasi ya nukta moja kwenye jicho. Juzi nimempata mdiria tawini, hadi tone la maji ncha ya mdomo linaonekana! ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ikipita 800, chembechembe kwenye picha bado zinakera, kihisi (sehemu inayopokea mwanga) cha kamera hizi za zumu ndefu ni kidogo mno. Akiruka sasa? Hapo bado ananitoroka, kijiskrini cha kutazamia kinachelewa kumwonyesha.