Yule wa kichupa cheusi: ufizi wa mtu si ganda la korosho!

Mwanakuchele
Wakuu, huyu mtibu meno wa mtaani simtaji. Kuanzia Magomeni ya hapa Mtwara mpaka Mikindani mnamjua: koti jeupe ambalo halijaonana na sabuni tangu Mjerumani aondoke, kistuli cha miguu mitatu, na kile kichupa cheusi. Leo asubuhi kamkalisha mama wa watu, ufizi wa mbele chini umeshuka hadi mzizi uko nje, wa njano. Kachovya pamba kwenye mafuta ya ganda la korosho, kaibandika palepale penye mzizi. Mama karuka, nusura akatue Msimbati. Jamaa anamwambiaje? "Tulia mama, ikiunguza ndiyo inaponya."

Ikiunguza ndiyo inaponya! Tena hapa Mtwara, ambako mtoto wa darasa la pili anajua ganda la korosho haling'atwi! Wabanguaji wanajipaka majivu viganjani kabla ya kuanza kazi, kwa sababu yale mafuta meusi yakigusa ngozi inababuka, inatoka malengelenge, halafu inachunika. Hapo ni kiganja kilichokomaa kwa jembe. Ufizi je? Ukiungua unakuwa mweupe, unabambuka, na nyama ya pale ukingoni ikishaondoka hairudi. Mzizi uliokuwa wazi milimita 2 unaweza kuishia milimita 4. Mtu kaenda kutibiwa ufizi ulioshuka, anarudi nyumbani umeshuka zaidi! Na ile pamba, wakuu, ile pamba kamwambia aifungie mdomo.

Nyuma ya meno ya chini, upande wa ulimi, hakuchungulia hata kidogo. Pale ndipo mate yanapotokea na ndipo ugaga, ule ukoko mgumu wa kwenye meno, unapojijenga kwanza. Ugaga wa mama yule umekaa kama zege la gati. Wadudu wanakaa juu yake, ufizi unavimba, unatoka damu, mfupa unaoshikilia jino unaliwa polepole, na ufizi unaufuata mfupa chini. Ugaga hautoki kwa pamba wala kwa mswaki, unakwanguliwa kwa chuma. Yeye analeta "ikiunguza ndiyo inaponya"!

Jirani wa Mitwero
Lindi tunaye pacha wake, hata kichupa ni kilekile. Mnajua kwa nini watu wanamsifia? Siku ya tatu maumivu yanatulia. Yanatulia kwa kuwa nyama ya juu imekufa, haijapona. Huko chini usaha unaendelea kama kawaida, na mteja anatembea mtaa mzima akimtangaza.

Kobe wa Naliendele
Mleta uzi una king'ora kuliko meli. Mama wa watu asubiri umalize kuhesabu miguu ya kistuli ndipo pamba itolewe? Ungeandika hivi tu: toa pamba, sukutua kwa maji mengi safi, tema usimeze, rudia tena na tena, nenda kitengo cha meno leo, usingoje Jumatatu. Usiweke chumvi kavu, usiweke karafuu, usiweke kitu chochote juu ya kidonda.

Mwanakuchele
Pamba imetolewa Kobe, na maji kasukutua! Kuna mtu kasema ikiunguza ndiyo inaponya, halafu wewe unanivaa mimi?

Koleo na Ganzi
Wasiojua hospitali inafanya nini, someni, maana kutojua ndiko kunakomlisha yule bwana.

Kwanza wanapima. Kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita kinapitishwa taratibu kati ya jino na ufizi, sehemu sita kwa kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni salama. Ikifika 4 kwenda juu na damu ikachuruzika, hapo pana mfuko wa ugonjwa. Picha inapigwa kuona mfupa umebaki kiasi gani. Halafu kusafisha: mashine inayotetemeka huku ikimwaga maji inaondoa ugaga wa juu, vyuma vya mkono vinafuata ule uliojificha chini ya ufizi, kwa sindano ya ganzi. Mara nyingi ni nusu ya mdomo leo, nusu siku nyingine. Baada ya wiki 6 hadi 8 unarudi kupimwa tena. Jino lililolegea kidogo lisikimbiliwe kwa koleo kabla ya hapo, kwa sababu uvimbe ukiisha mengine yanakaza.

Mwenye kisukari aseme mapema. Sukari ikiwa juu fizi hazisikii dawa. Mvuta sigara naye asijipe moyo kwamba hatoki damu: moshi unaficha damu wakati mfupa unaendelea kuliwa.

Kushonea nyama ya kaakaa kwenye ufizi ili kufunika mzizi ni kazi ya bingwa wa fizi, huko utapewa rufaa kwenda Muhimbili. Inakaa vizuri pale ambapo mfupa na nyama ya katikati ya meno bado vipo. Vikishaliwa, usiahidiwe kwamba mzizi wote utafunikwa. Na anayekuahidi ufizi kuota kwa dawa ya kupaka ni ndugu yake yule wa kichupa. Daktari wa meno anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kumuuliza usajili si utovu wa adabu.

Mama Nangurukuru
Hao wa hospitali msiwapake asali, nina ugomvi nao! Wanasafisha, wanapokea hela, hawasemi kinachofuata. Mtu anaamka kesho yake maji ya baridi yanampiga hadi kisogoni, katikati ya meno kumejaa matundu, anaapa wamemharibia, harudi tena. Matundu yalikuwepo! Yalizibwa na ugaga, na uvimbe ukishuka mzizi lazima uonekane. Kueleza hilo ni dakika mbili.

Hawasemi pia kwamba dawa ya meno yanayoshtuka, ile yenye potasiamu nitreti na floridi, inapigwa asubuhi na usiku kwa wiki 2 hadi 4 ndipo inashika. Piga, tema povu, usisuuze kwa maji. Watu wanaiacha siku ya tatu. Halafu wanampa mtu kloheksidini ya kusukutua bila maelezo! Mililita 10, dakika moja, mara mbili kwa siku, wiki mbili basi. Tena nusu saa baada ya mswaki, maana dawa ya meno inaipunguza nguvu. Mtu anaitumia miezi mitatu, meno yanageuka kahawia, analia amerogwa.

Pwani Tulivu
Mama Nangurukuru, adui mkubwa yuko dukani. Miswaki migumu! Zunguka soko zima, kila mswaki ni wa kusugulia sufuria. Mtu anaushika kwa ngumi kama mpini wa jembe, anapalilia kushoto kulia, na jino la chonge ndilo linaloachwa uchi kwanza kwa sababu limejitokeza na ufizi wake mwembamba. Huyo hana ugaga hata chembe na ufizi unashuka.

Mswaki uwe laini, kichwa kidogo. Ushike kwa ncha za vidole kama kalamu. Uegemeze upande upande pale jino linapokutana na ufizi, tikisa kidogo palepale, meno mawili mawili, dakika 2 mdomo mzima. Nyuzi zikitawanyika kabla ya miezi 3, ujue unakandamiza.

Ganda Tupu
Na wa mkaa na limau mmewaacha? Mzizi hauna lile gamba gumu la juu ya jino. Limau linaulainisha, mkaa unaukwangua, baada ya muda panatokea kishimo shingoni mwa jino, ukipitisha ukucha unanasa. Wanaita kung'arisha!

Mwanakuchele
Jamani, pamba! Uzi ni wa pamba! Kambandika mama wa watu mafuta ya ganda la korosho kwenye mzizi ulio wazi!

Kobe wa Naliendele
Tumesikia, mkuu. Pwani Tulivu, huo laini unapatikana wapi? Masasi yote "laini" imeandikwa kwenye karatasi, ukiugusa ni miba ya nungunungu.

Pwani Tulivu
Ulizia famasi, acha meza za stendi. Ukikosa, nunua wa watoto, kichwa kidogo na nyuzi laini, mtu mzima anautumia bila shida.

Jirani wa Mitwero
Mswaki wa mti umekosa nini? Wazee wa Kilwa hawakujua famasi.

Ganda Tupu
Haujakosa kitu ukiandaliwa. Kijiti kibichi, menya ganda sentimita moja, tafuna ncha mpaka iwe nyuzi laini, sugua kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino. Kesho kata ile ncha, anza mpya. Wanaouza vikavu kama kuni pale stendi ndio wanaochana watu fizi.

Jirani wa Mitwero
Vikavu unaloweka usiku kwenye maji, asubuhi vimelainika.

Mama Nangurukuru
Vya wapi? Vile ni vigumu hata ukiloweka wiki. Na bei wamepandisha!

Ganda Tupu
Wamepandisha tena? Lini?