Yule bwana amelipima bara letu kwa kiganja!

Mzee wa Dira: Ndugu zangu, ninaandika mkono ukinitetemeka kwa hasira. Yule bwana mnayemfahamu, mwenye kalamu tatu mfukoni na majibu ya kila jambo, leo asubuhi amesimama mbele ya ramani ya ukutani ofisini kwetu Posta, akaweka kiganja juu ya Greenland, akakihamishia juu ya Afrika, kisha akatangaza: "Mnaona? Zinalingana." Nilimweleza kwa adabu zote kwamba ramani hiyo ni ya Mercator, ya mwaka 1569, iliyokusudiwa mabaharia, kwamba ili pembe za dira zisipotoke hulazimika kuzitanua nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia, na kwamba Afrika inaizidi Greenland takriban mara 14. Akanijibu mbele ya wote, pamoja na wanafunzi wa mafunzo kazini: "Kaa chini, mdogo wangu, ramani haisemi uongo." Nina miaka 46! Kiganja chenyewe kilikuwa na mafuta ya chapati, na alama ya kidole gumba ingali juu ya Kongo.

Mvua za Vuli: Pole sana, mkuu. Je, ulikaa?

Mzee wa Dira: Nilikaa, lakini hilo silo suala. Suala ni kiganja.

Tabata Kwetu: Afadhali wako anakosea ramani. Wetu amekariri kwamba London tunaizidi saa tatu, wala hataki kusikia kwamba Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza husogeza saa zao mbele, sisi tukabaki tulipo, na tofauti ikawa mbili. Hadi Oktoba tunaingia mikutanoni wenzetu wakiagana.

Bi Mkubwa wa Temeke: Hayo ni madogo. Mjomba wangu alikata tiketi ya boti ya Unguja iliyoandikwa 07:00, ambayo kwa Kiswahili ni saa moja asubuhi, naye akafika bandarini saa saba mchana, jua kali, amebeba kapu la embe.

Mzee wa Dira: Jamani, turejee kwenye kiganja.

Mvua za Vuli: Bi Mkubwa, embe zilikuwa dodo au bolibo?

Bi Mkubwa wa Temeke: Dodo. Tulizila wenyewe palepale bandarini.